Karani wa Wachawi

Mimi natoka Sumbawanga. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu huwa ndilo la kwanza kuulizwa na la mwisho kusahauliwa. Nilipofika Nyamwaga na barua yangu ya kupangiwa kituo, mkuu wa shule aliisoma, akaniangalia, akarudi pale palipoandikwa nilikozaliwa, akacheka hadi akatafuta leso. "Sasa mwalimu," akasema, "nauli tukulipe ya basi au ya ungo?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Mtu wa kwetu hujifunza kucheka mapema, maana asipocheka watu huanza kuhesabu kuku wao.

Nchi nzima inaamini kuwa Sumbawanga radi huagizwa kama soda. Mimi nimekulia kule, na radi pekee iliyowahi kunipiga ni mkono wa marehemu baba siku niliyoacha mbuzi waingie kwenye mahindi. Lakini nani atakusikiliza? Mvua ikija na ngurumo, mwalimu wa Hesabu alikuwa ananigeukia na kusema, "Kaka, waambie wenzako wapunguze." Kila mvua. Miaka mitatu.

Basi nikasema liwalo na liwe. Kama sifa ya uchawi ninayo bila kuitolea jasho, ngoja niitolee. Nikaandika riwaya ya kijana mchawi aliyeko shuleni.

Wachawi wa vitabu vya ng'ambo husomea kwenye majumba ya mawe yenye minara. Wangu niliwapa shule ya kata. Kijana anapata fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, inamtaka alete jembe lenye mpini, rimu ya karatasi na nyungo mbili, mmoja wa kupepetea na mmoja wa kusafiria. Anafika, anakuta shule ina nyungo nne kwa wanafunzi mia moja na sitini, wanapaa kwa zamu, watatu watatu. Somo la Radi linatakiwa liwe la vitendo, ila maabara haijaezekwa, kwa hiyo wanakariri hatua zake na kuzimwaga kwenye mtihani. Mwalimu wa Kujigeuza hajaonekana tangu muhula uanze. Wengine wanasema yuko semina, wengine wanasema ni yule mjusi wa ukutani. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika hayo. Nilijiona nimeliweza jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya tangu Kiswahili kianze kuandikwa. Mtu akiwa peke yake na kalamu hana mpinzani.

Nilipokwama ni kwa mkuu wa shule hiyo. Kila shule ina mkuu, na wangu nilimtafuta kichwani nisimwone. Nikafanya kinachofanywa na kila mtunzi mvivu: nikachungulia dirishani.

Dirisha langu lilitazama uwanja wa Bibi, aliyekuwa mwenye nyumba wangu. Alikuwa mjane, Mkurya wa hapo hapo, na Mungu hakumjalia mtoto. Kwa mila ya huku, mwanamke wa hali hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, yule akazaa watoto, na watoto wakahesabika kuwa wa nyumba ya aliyetoa ng'ombe. Wanaiita nyumba ntobhu. Bibi alikuwa ameoa. Mke wake alikuwa dada mmoja mpole, mwenye nguvu za kumaliza palizi ya shamba kabla wengine hatujapiga mswaki, na walikuwa na watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mwanzoni nilishangaa. Baada ya mwezi nikasahau kushangaa, kwa sababu ilikuwa nyumba yenye amani kuliko zote nilizowahi kupanga.

Bibi alichechemea mguu wa kushoto. Ndewe za masikio yake zilitobolewa na kupanuliwa zamani, kama za wanawake wengi wa rika lake, na katika tundu la sikio la kulia alichomeka unyoya wa kuku. Ukimuuliza jambo zito, hakujibu hadi auchomoe ule unyoya, asafishe sikio moja, ahamie la pili, ndipo akupe jawabu. Alikuwa pia na ng'ombe mwenye paji jeupe aliyemfuata hadi mlangoni, na Bibi alikuwa akimsimulia huyo ng'ombe maovu ya diwani. Nikaona mkuu wangu wa shule ndiye huyo. Je, nilimbadilisha kidogo, kama tulivyofundishwa chuoni? Wapi! Nikamwingiza kitabuni mzima mzima, na mguu wake na sikio lake na unyoya wake, ukurasa wa arobaini na moja. Ng'ombe nikampa kazi ya kuita mahudhurio.

Kitabu nilikichapisha kwenye duka la steshenari kule Bomani, jalada jekundu. Wenzangu walinipa hongera nyingi na hakuna aliyekisoma. Mwalimu wa Hesabu alinunua nakala, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba, akaniambia kwa dhati kabisa kuwa ni kitabu kizuri. Nilimnunia wiki nzima, naye hakugundua.

Aliyekitaka kitabu changu ni Bibi, ambaye hakujua kusoma. Aliona maboksi, akauliza mna nini. Nikamwambia. "Kinasema nini?" Basi ikawa kila nikitoka shuleni anakaa kwenye kigoda anapepeta punje za wimbi, nami namsomea. Kwa yale ya mjusi alicheka kidogo, kwa adabu. Tulipofika ukurasa wa arobaini na moja, ungo ukasimama.

"Huyo mama ana unyoya sikioni?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ng'ombe mwenye paji jeupe?"

"Ndiyo."

"Ni mimi?"

Nikajua kesho nahama. "Ni wewe, Bibi," nikasema.

Akachomoa unyoya. Akasafisha sikio la kulia, akaja la kushoto. "Ninafundisha nini?"

"Hufundishi. Wewe ndiye mkuu wa shule. Walimu wote wako chini yako."

"Hata wanaume?"

"Hata wanaume."

Bibi hakuwahi kukanyaga darasa. Aliniambia siku hiyo kwamba alipokuwa msichana alikwenda mara moja akasimama nje ya dirisha la shule, baba yake akamfuata na fimbo, akamwambia ng'ombe za mahari haziji kwa njia ya dirishani. Alisimulia bila uchungu, anapepeta. Kisha akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. "Soma tena." Ukurasa ule niliusoma mara nyingi hadi nikaanza kuona makosa yake. Sijawahi, wala sidhani nitawahi, kupata msomaji wa namna hiyo.

Kosa ni kwamba hakunyamaza. Siku ya gulio, mama mmoja muuza ndizi alijaribu kumchanganyia zilizopondeka, na Bibi akamkoromea mbele ya watu: "Unajua unaongea na nani? Mimi mkuu wa shule. Niko kitabuni." Wakamuuliza shule ipi. "Ya wachawi," akajibu, kwa fahari, kama anayetaja chuo kikuu.

Niliposikia habari hiyo nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaona sasa kitabu kimepata matangazo.

Haikupita wiki mbili, radi ikapiga nyumbani kwa kaka yake mke wa Bibi, kule Kewanja. Hakuna mtu aliyeumia, ila mbuzi wake mmoja alikufa amesimama. Sasa, siku chache kabla, kaka huyo alikuwa amekuja kumwomba Bibi yule ng'ombe wa paji jeupe, na Bibi alimkatalia bila hata kumkaribisha uji. Watu wa Kewanja wakaweka mbili na mbili pamoja. Kaka mwenyewe akapanda gari akaja hadi mlangoni kwangu, akaniamkia vizuri, akaomba kununua kitabu. Ala! Moyo wangu ulijaa. Mtu ametoka Kewanja kufuata kitabu changu! Nikamwandikia ukurasa wa kwanza, kwa kalamu yangu nzuri: "Kwa msomaji wangu mpendwa." Nikatia sahihi na tarehe. Yaani nilisaini ushahidi kwa mkono wangu.

Alirudi na wajomba zake wawili. Alikuwa amekisoma chote, tena kwa makini ambayo sijaiona kwa mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne. Kila ukurasa una mistari ya wino wa bluu. Unyoya amepiga mstari. Mguu amepiga mstari. Ng'ombe amepiga mistari miwili. Walisimama uwanjani wakasema mbele ya watoto kwamba dada yao hatabaki siku nyingine kwenye nyumba ya mchawi, na watoto wataondoka naye, ndoa ivunjwe, ng'ombe warudishwe Bibi akae nao.

Nilitoka chumbani nimevaa malapa na hasira. "Kama ni uchawi nishtakini mimi!" nikafoka. "Kitabu ni changu! Na kwetu ni Sumbawanga, mnalijua hilo!"

Kaka mtu akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Mwalimu, na wewe hatuna neno. Wewe ni karani tu. Yeye anafanya, wewe unaandika."

Karani! Miaka mitatu ya shahada ya fasihi, niitwe karani wa wachawi. Naona aibu kukiri kwamba kwa muda fulani, wakati nyumba ya yule mama inabomoka mbele yangu, kilichoniuma zaidi ni hilo neno.

Bibi aliingia ndani, akakaa kitandani, nami nikamfuata hadi mlangoni. "Wakiondoka hawa," akasema, "nyumba yangu imezimika. Nitakufa, na hakuna atakayejua kuwa hapa palikuwa na mtu." Mke wake alikuwa amesimama jikoni ameshika mwiko, analia bila sauti. Hakutaka kwenda, lakini neno la kaka kwa watu wa huku si jambo la kutemea mate. Hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Ni mimi niliyeleta haya, kwa ajili ya kuchekesha walimu wenzangu, ambao hata hawakusoma.

Shauri likapelekwa kwenye ritongo, ndio mkutano ambao wazee wa mila husikiliza mambo ya ukoo. Lilifanyika asubuhi, kiwanja cha karibu na josho la ng'ombe. Wazee walikaa kwenye vigoda vyao, vijana wamesimama, wanawake wamekaa chini pembeni, na Bibi yuko kati yao. Mimi nilivaa tai. Sijui nilidhani tai itasaidia nini.

Kaka mtu akaanza kusoma. Na alisoma vizuri! Alisoma kuliko mimi, anatafsiri kwa Kikurya pale wazee walipokunja uso. Alipofika kwenye nyungo nne na wanafunzi mia moja na sitini, vijana wakacheka. Alipofika kwa mjusi, mzee mmoja alicheka hadi akakohoa, akapigwapigwa mgongoni. Ndiyo mara pekee nimeona watu wakiisikiliza riwaya yangu, na walikuwa wanaisikiliza kama mashtaka. Kisha akafungua ukurasa wa arobaini na moja, na kicheko kikaisha. Watu walikuwa wanasikiliza sentensi, halafu wanageuka kumtazama Bibi, wanahakiki. Sikio. Mguu. Wakawa wanaguna.

Mzee aliyeongoza kikao akaniita mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, haya uliyoyaandika, uliyaona?"

"Sikuyaona, mzee."

"Uliambiwa na mtu aliyeyaona?"

"Hapana."

"Sasa uliyajuaje?"

"Niliyatunga."

"Kutunga ndiyo kufanyaje?"

Swali hilo nimelifundisha mara nyingi, na jawabu lake lina vipengele saba. Pale sikukumbuka hata kimoja. "Ni kusimulia jambo ambalo halikutokea," nikasema.

"Ukijua kwamba halikutokea?"

"Nikijua."

"Mura, kijana wangu, huo si uongo?"

Nikawatazama wazee. Nikamtazama mke wa Bibi, amempakata mtoto wa mwisho. "Ni uongo, mzee," nikasema. "Ni uongo mtupu, kutoka jalada hadi jalada."

Watu wakaguna, ila safari hii kwa kuridhika. Lakini msomaji wangu mpendwa hakuwa mtu wa kuachia hivi hivi. Alisimama na kitabu chake. "Mzee, uongo nao una mahali unapotoka. Huyu anasema alitunga. Unyoya sikioni alitunga? Ng'ombe yule alitunga? Mbona yuko pale juu anakula majani?"

Lilikuwa swali zuri. Mhariri, kama ningekuwa naye, angeniuliza hilo hilo. Wazee wakanong'onezana, kisha wakasema njia ni moja: mwalimu aape. Kama yule mama wa kitabuni si Bibi, aape mbele yao kwamba si yeye, mambo yaishe. Kama ni yeye, anyamaze, dada wa watu aende kwao.

Kiapo chenyewe kina taratibu zake, na waliniambia nisizisimulie, nami nitatii. Itoshe kusema kwamba watu wa pale wanajua jambo moja: anayeapa uongo kwa kiapo hicho haumalizi mwaka. Wanajua kutofautisha aliyekufa kwa malaria na aliyekufa kwa kiapo. Mimi ni mtu wa kanisani, tena msomi. Nilijiambia haya ni maneno tu, na maneno ndiyo kazi yangu. Nikaapa. Nilisema mama wa kitabuni si huyu Bibi. Nikasema sikumfikiria hata kidogo. Nikasema hayumo, si kwa mguu, si kwa sikio, si kwa ng'ombe. Nilisema kwa sauti ya darasani ili wa nyuma wasikie, na nilipomaliza nikageuka nikamwona Bibi ananitazama mdomo wazi.

Wazee wakaamua. Mke na watoto wabaki nyumbani kwa Bibi. Radi ni ya Mungu. Mwalimu atoe beberu mmoja, kwa kosa la kudanganya watu kwa maandishi. Ndiyo tuzo pekee ambayo riwaya yangu imewahi kupata, na ilibidi niigharamie mwenyewe. Kaka mtu, lazima niseme, alikuja kunipa mkono. Akaniuliza kama nitaandika kingine.

Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Mke wa Bibi alikuwa ameshabandika sufuria ya ugali, watoto wanakimbizana uwanjani, na mimi nikajiona shujaa. Nilioga, nikatoka nje nikitegemea angalau neno la ahsante. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, hafanyi kazi yoyote, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mwalimu."

"Naam, Bibi."

"Mimi simo?"

Nikavuta kigoda kingine. Nikaangalia huku na huku, nikapunguza sauti. Nilikuwa tayari kumwambia ukweli wote: kwamba umo, Bibi, umo kuliko mtu yeyote, kwamba wale niliwazuga tu. Sijafungua mdomo vizuri, akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Mura, angalia unachosema. Umeapa. Kama nimo, wewe mwaka huu humalizi. Nimewazika walioapa hivyo. Nimewazika mimi." Macho yake yalikuwa yamejaa hofu, na nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anahofia uhai wangu.

"Wewe humo, Bibi," nikasema. "Humo kabisa. Siku ile nilikwambia vile ili ufurahi."

Akaniachia mkono. Akashusha pumzi ndefu, akanipigapiga goti. "Afadhali," akasema. "Afadhali, mwanangu. Utaishi."

Mtoto wa kike alikuja na maji ya kunawa, Bibi akanawa taratibu, akajifuta kwenye kanga.

"Na yule mama," akauliza, "sasa ni nani?"

"Si mtu, Bibi. Nilimtunga tu."

Akatikisa kichwa. "Pole yake," akasema. "Alikuwa mwalimu mzuri."